Ufalme Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Malengo ya Kiroho na Utafutaji wa Mali

Maswali haya yameulizwa tena na tena katika mafunzo ya Biblia ya katikati ya juma, katika vikundi vya nyumbani vya mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole na Githurai, na nje ya kanisa baada ya ibada, pale mtu anapomvuta mzee wa kanisa kando na kusema ana jambo dogo, na jambo lenyewe si dogo. Maneno ya Biblia yamenukuliwa kutoka tafsiri ya Muungano. Mwenye haraka aanze na swali la 2, kwa kuwa majibu mengi yanalitegemea.

## Misingi

1. Lengo la kiroho ni nini, na linatofautianaje na lengo la kimwili?

Lengo la kimwili hutimia kwa kitu kinachoweza kuhesabiwa au kuandikwa kwa jina lako: ploti ya Kitengela, kuhama kutoka chumba kimoja hadi nyumba ya vyumba viwili, pikipiki, mtaji wa duka. Lengo la kiroho hutimia katika uhusiano wako na Mungu na katika namna unavyoishi na watu: kusoma Agano Jipya lote kabla ya Desemba, kupatana na ndugu mliyekosana kwa ajili ya shamba la urithi, kumtembelea mgonjwa kila juma, kuacha mizani ya uongo dukani, kuomba na watoto kabla hawajalala.

Wakristo wengi wa mji huu wana malengo ya kiroho, ila hayana tarehe. Mtu anajua kwamba atamaliza kulipia ploti mwezi wa Juni, anajua amebakiza malipo mangapi, na anajua kila shilingi iliyo katika akaunti yake ya Sacco. Ukimwuliza kuhusu maisha yake ya maombi, atasema anatamani kumkaribia Mungu zaidi. Jambo lisilo na siku wala kipimo husukumwa kando na lenye siku na kipimo, juma baada ya juma, bila mtu kuamua lolote. Kwa hiyo liandike lengo la kiroho kwa undani uleule unaoandikia ploti: nini, lini, mahali gani, na nani atakuuliza umefika wapi.

2. Yesu aliposema "kwanza", alitaka tuache kutafuta riziki?

Hapana. Maneno yake ni haya: "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake; na hayo yote mtazidishiwa" (Mathayo 6:33). Mstari unaotangulia unasema kwamba Baba wa mbinguni anajua ya kuwa tunahitaji chakula, kinywaji na mavazi. Neno "kwanza" lenyewe lina maana kwamba kuna cha pili, na cha pili hakijakatazwa. Paulo, aliyewaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile chakula, alijitafutia riziki kwa ufundi wa kushona mahema (Matendo 18:3), na onyo lake kwa Timotheo lilihusu kupenda fedha.

Sisi tunaelewa hivi: kilicho cha kwanza hujulikana siku mambo mawili yanapogongana. Siku nyingi hayagongani. Mama anauza mboga, analea, anaomba, na hakuna kinachozuia kingine. Kisha inafika siku ambapo faida inadai uongo, au nyongeza ya mshahara inadai saa zote zilizokuwa za watoto na za ibada. Kitakachobaki kimesimama siku hiyo ndicho kilichokuwa cha kwanza tangu mwanzo, hata kama midomo ilikuwa ikisema vingine. Kwa sababu hiyo swali la kutanguliza ufalme halipimwi kwa hesabu ya saa. Anayefanya kazi saa kumi kwa siku anaweza kuwa ameutanguliza ufalme, na anayeshinda kanisani kutwa anaweza kuwa anaitafutia biashara yake wateja.

3. Nitajuaje kwamba mali imeshanitangulia?

Chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, uisome polepole mbele za Mungu. Kisha soma mfano wa tajiri katika Luka 12:16–21. Mtu yule hakuiba wala hakumdhulumu mtu. Shamba lake lilizaa sana na akapanga kujenga ghala kubwa zaidi, jambo ambalo mkulima yeyote angelifanya. Lakini sikiliza anavyozungumza: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika mipango yake yote hakuna Mungu na hakuna jirani. Ikiwa mipango yako ya miaka mitano inaweza kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila mmoja wao kutokea, una jibu.

## Kazi na muda

4. Ninafanya kazi siku sita na natumia saa nne barabarani kila siku. Muda wa Mungu nitautoa wapi?

Swali hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza hastahili kukemewa. Anayetoka Rongai au Ruiru kwenda Industrial Area anajua kwamba saa zake si zake. Saa nne kwa siku sita ni saa 24, yaani siku nzima ya kila juma imepotelea ndani ya matatu na kwenye foleni ya magari.

Anza na saa hizo hizo. Waumini kadhaa tunaowafahamu wamegeuza safari ya asubuhi kuwa wakati wa kusoma sura mbili za Biblia au kuisikiliza kwenye simu, na hawaombi radhi kwamba ibada yao inafanyika kiti cha nyuma cha gari la namba fulani. Towashi Mkushi alikuwa akisoma Isaya akiwa safarini garini mwake, na Filipo akamkuta hapo (Matendo 8:26–39). Jioni ni ngumu zaidi, kwa sababu mwili umechoka. Tunashauri jambo moja fupi lisilokosekana, kwa mfano zaburi moja na maombi ya pamoja ya dakika kumi, kuliko mpango mkubwa utakaovunjika Jumatano.

Lakini kuna swali la ndani zaidi, nalo ni kama saa zote hizo za kazi bado zinahitajika. Anayeandika majibu haya aliwahi kufanya kazi mbili kwa miaka mitatu, mchana ofisini na jioni katika duka la simu, ili alipe deni la hospitali. Deni lilikwisha katika mwaka wa kwanza. Kazi ya pili iliendelea miaka miwili zaidi, kwa sababu fedha ile ilikuwa imekwisha kupata matumizi yake, na katika miaka hiyo mtoto wake wa kwanza alifundishwa kuomba na jirani. Jirani yule alifanya wema mkubwa. Hata hivyo, kazi ya kumfundisha mtoto yule kuomba haikuwa ya jirani. Kila baada ya miezi sita, basi, ijaribuni kila kazi ya ziada kwa kuuliza ilianza kwa ajili gani, na kama jambo hilo bado lipo.

5. Mwajiri wangu amenipangia zamu kila siku ya ibada. Nifanye nini?

Zungumza naye kabla ya kujaza moyo uchungu, na uzungumze ukiwa na la kutoa: kubadilishana zamu na mwenzako, kufanya kazi sikukuu ambazo wengine wanazikimbia, au kuingia jioni baada ya ibada. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, ingawa haisemi iwe siku gani, na inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini. Uyajue haya, lakini usianze nayo kama fimbo.

Muuguzi, mlinzi na dereva wa ambulensi wana hali yao. Yesu aliponya siku ya sabato, na anayemhudumia mgonjwa Jumapili asubuhi hajamwacha Mungu. Atafute ushirika wa siku nyingine, na kanisa limfuate alipo.

6. Nimepata nafasi ya kazi katika nchi za Ghuba. Je, kwenda ni kutanguliza mali?

Hatuwezi kumjibu kila mtu kwa neno moja. Tumewaombea wasichana na vijana wengi kabla hawajapanda ndege, na wengine wamesomesha wadogo zao na kuwajengea wazazi nyumba. Wengine wamerudi wakiwa wamevunjika.

Uliza mambo haya kabla ya kutia sahihi. Nani atabaki na watoto, na kwa muda gani? Mikataba ya kazi za nyumbani mara nyingi ni ya miaka miwili, na miaka miwili katika maisha ya mtoto wa miaka mitatu ni mingi mno. Je, utakuwa na siku ya mapumziko na ruhusa ya kutoka? Saudi Arabia hairuhusu makanisa ya hadhara. Qatar na Falme za Kiarabu yapo, lakini kanisa lililo kilomita kumi halimsaidii mtu ambaye hawezi kutoka nje ya lango la mwajiri. Je, wakala amesajiliwa na serikali? Na lililo zito kuliko yote: fedha hizo ni za jambo gani lililotajwa, na likitimia utarudi? Anayekwenda kwa lengo lililo wazi, akiwa na ndugu wawili wa kanisa watakaowasiliana naye kila juma, ametofautiana sana na anayekwenda kwa kuwa majirani wamekwenda.

7. Bila kutoa "kitu kidogo" sipati zabuni wala leseni. Nitakulaje?

Hapa ndipo mgongano wa swali la 2 unapokuwa halisi, na hatutaulainisha. Hongo hupotosha haki (Kutoka 23:8), na anayeilipa humwondolea nafasi mtu asiyeweza kulipa. Utapoteza baadhi ya kazi. Omba risiti kwa kila malipo, fuata njia zilizo wazi hata zikichelewa, na ungana na wafanyabiashara wenye msimamo kama wako, kwa maana mtu mmoja huchoka upesi.

Waliokwisha kulipa au kupokea wanauliza kama toba inatosha. Zakayo hakuishia kwenye maneno. Alitoa nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, kurudisha vitu vilivyoibwa kulikuwa alama ya wazi ya kuokoka. Babu zetu walirudi kwa waajiri wao wakiwa na vitu mikononi. Urithi huo tunauimba zaidi ya tunavyouishi.

## Fedha na utoaji

8. Nitoe fungu la kumi kabla ya kulipa kodi ya nyumba?

Makanisa yanatofautiana kuhusu kama fungu la kumi ni amri kwa Mkristo, na kila msomaji asikilize mafundisho ya kanisa lake. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kodi ya nyumba ni deni, na mwenye nyumba naye ana haki mbele za Mungu. Kutoa fedha ya mwenye nyumba madhabahuni, kisha kumkwepa langoni tarehe tano, si utoaji mtakatifu. Aliye katika hali hiyo atoe kidogo kilicho chake na apange matumizi ili mwezi ujao utoaji uwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo. Paulo anasema nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, wala si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12).

9. Mhubiri anasema nikipanda mbegu ya shilingi elfu kumi, Mungu atanirudishia maradufu. Ni kweli?

Mungu ni mkarimu, naye hubariki, lakini hafanyi biashara. Sadaka inayotolewa ili kupata zaidi ni lengo la kimwili lililovishwa kanzu. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama, Petro alimjibu kwa ukali kwamba fedha yake ipotee pamoja naye (Matendo 8:20). Elisha alikataa zawadi za Naamani baada ya uponyaji, na Gehazi aliyezikimbilia kwa siri akarudi na ukoma (2 Wafalme 5). Kila unapoambiwa utume fedha ili uombewe, mkumbuke Elisha.

Tunasema haya kwa uchungu, kwa sababu tumemwona mama akituma karo ya mtoto kwa njia ya simu wakati wa kesha, na Jumatatu mtoto amerudishwa nyumbani. Toa kwa furaha, toa kwa mtu aliye na njaa, toa kwa kazi ya Mungu unayoiona. Usitoe kwa hofu.

10. Je, kuweka akiba, kujiunga na chama au kununua ploti ni kukosa imani?

La. Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno ya Misri itunzwe, na Mithali inamtuma mvivu kwa chungu. Ubaya huanza pale akiba inapochukua nafasi ya Mungu kama kimbilio, au vikao vya chama vinapofanyika Jumapili saa nne asubuhi kwa sababu "ndio muda pekee".

11. Na mikopo ya simu na kamari za michezo?

Mkopo wa dharura ya kweli ni jambo moja. Kukopa mkopo wa pili ili kulipa wa kwanza ni utumwa, na Mithali 22:7 inalisema hivyo hivyo. Kamari inajengwa juu ya tumaini la kupata kwa hasara ya mwingine; tunamwomba kila kijana aiache na amweleze mtu mmoja anayemwamini leo, kwa sababu siri ndiyo inayoifuga.

## Nyumbani

12. Wazazi na ndugu wananitegemea. Nikitanguliza ufalme, nani atawalisha?

Kuwalisha ni sehemu ya ufalme. 1 Timotheo 5:8 inasema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, na Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi msaada kwa kisingizio kwamba mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu (Marko 7:9–13). Anayetuma fedha Vihiga au Machakos kila mwisho wa mwezi anamtii Mungu.

Kutunza, hata hivyo, hakumaanishi kukubali kila ombi. Mjomba mwenye nguvu asiyetaka kufanya kazi hayumo katika agizo hili. Mueleze kwa heshima, ana kwa ana ikiwezekana, ulicho nacho na usichokuwa nacho.

13. Mume wangu haoni mambo hivi. Anaona ninapoteza muda.

Petro anawaambia wake wa namna hiyo kwamba waume huvutwa na mwenendo kuliko maneno (1 Petro 3:1–2). Usitoe fedha za nyumba bila yeye kujua, hata kwa kanisa. Mhakikishie kwa matendo kwamba hajanyang'anywa mke. Ukipigwa au ukitishwa, hilo ni jambo jingine: tafuta usalama kwanza, kisha uje tuzungumze.

14. Shule inataka watoto waje masomo ya ziada Jumapili asubuhi. Tuwaruhusu?

Mtoto husoma vipaumbele vya nyumbani kabla ya kusoma kitabu chochote. Akiona kwamba ibada husogezwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani hausogezwi kwa ajili ya kitu chochote, amefundishwa somo ambalo mahubiri hayataliondoa. Tunawashauri wazazi waiombe shule siku nyingine, na wakikataliwa wasimame. Hatusemi haya kwa kudharau elimu. Mtoto mvivu wa masomo hamtukuzi Mungu pia.

## Hali zisizo za kawaida

15. Je, niuze vyote nilivyo navyo?

Yesu alimwambia hivyo kijana mmoja tajiri, aliyekuwa ameshikwa na mali yake. Hakumwambia hivyo Zakayo, wala Yoana mke wa Kuza, aliyemhudumia kwa mali aliyokuwa nayo (Luka 8:3). Wapo wanaoitwa kwa njia hiyo. Antoni wa Misri, Mwafrika aliyezaliwa karibu mwaka 251, alisikia maneno yale yakisomwa kanisani akagawa mashamba aliyorithi na kwenda kuishi jangwani. Tunapenda kukumbusha jambo ambalo husahaulika: alikuwa na dada mdogo, na kabla ya kuondoka alimweka kwa wanawake waaminifu wamlee. Wito unaowaacha watoto bila chakula uchunguzwe tena.

16. Kiongozi wangu anasema niache kazi, nitoe watoto shuleni na tusiende hospitali, kwa kuwa mwisho umekaribia. Nimtii?

Usimtii. Ondoka leo, na uwaeleze jamaa zako pamoja na polisi ikiwa watoto wamo hatarini. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa ya watu walioaminishwa kwamba kufa njaa kungewapeleka kwa Yesu, wakiwamo watoto wengi. Walianza kwa kuambiwa maneno yanayofanana na ya ukurasa huu, kwamba dunia si kitu, na hilo linatulazimu kuwa waangalifu na kila neno tunaloandika hapa. Ipo alama ya kutofautisha: Yesu anapomwita mtu aachilie mali, wanaofaidika ni maskini, na aliyeitwa anabaki na uhuru wa kuondoka, kama yule kijana tajiri alivyoondoka bila mtu kumfuata.

17. Mimi sina mali yoyote. Maswali haya yananihusu?

Yanakuhusu, kwa kuwa asiye na kitu anaweza kukiwaza mchana kutwa, na Mungu haoni aibu kusikia ombi la unga. Omba kama Mithali 30:8–9 inavyoomba, usipewe umaskini wala utajiri. Na mjane wa Marko 12 alikuwa na senti mbili tu, lakini Yesu aliketi akamtazama yeye.

18. Nimeutanguliza ufalme kwa miaka mingi na bado ninahangaika. Je, ahadi imeshindwa?

Wanaouliza hili mara nyingi hawalii; wamekwisha kulia. Hatutakuambia kwamba una dhambi iliyofichika, kama rafiki za Ayubu walivyomwambia, wakakemewa na Mungu. Paulo aliyeandika kuhusu kuridhika alikiri pia kuwa na njaa na kiu, na Habakuki aliapa kumfurahia Bwana hata mtini usipochanua na mazizi yakikosa ng'ombe.

Lakini sehemu ya jibu iko juu yetu sisi, wala si juu yako. "Mtazidishiwa" ni neno la wengi. Katika kanisa la Yerusalemu hakukuwa na mtu mwenye mahitaji, kwa sababu waliokuwa na viwanja na nyumba waliviuza, na wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuwahubiria uvumilivu, waliteua watu saba kushughulikia jambo hilo (Matendo 4:34, 6:1–6). Ikiwa umehangaika miaka yote hiyo katikati ya ndugu wenye magari, basi sisi ndio tuliochelewa. Mwone shemasi au mzee wa eneo lako Jumapili hii, umtajie kiasi cha kodi unachodaiwa na mwezi ambao karo inahitajika, bila kuona haya. Naye asikuombee tu akakuacha uende. Aandike, na alilete jambo hilo kikaoni Jumanne.